Hague ipi? Namna ya kujipima kama kweli unazijua habari za dunia

Afrika Kusini imeishtaki Israel kwa madai ya mauaji ya kimbari. Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, ametolewa hati ya kukamatwa. Je, hiyo ni kesi moja au mbili, na iko mahakama gani?

Uliza swali hilo kwenye baraza lolote la kahawa, iwe Jaws Corner pale Mji Mkongwe au kijiweni kwenu, na jibu litakuja haraka: Hague. Aliyejibu hivyo hajakosea, ila bado hajaonyesha kama anajua. Hague ni mji wa Uholanzi wenye mahakama mbili kubwa za kimataifa, na mahakama hizo hazina majaji sawa, hazina mamlaka sawa, wala haziwahukumu watu wa aina moja. Mtu anaweza kusikiliza taarifa ya habari asubuhi na jioni kwa miaka, akalitaja neno Hague kila wiki, na asijue kinachoendelea huko.

Nimechagua kuanza hapa kwa sababu tunapojipima ujuzi wa mambo ya dunia huwa tunapima kumbukumbu ya majina. Rais wa nchi fulani ni nani? Mji mkuu wake ni upi? Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa anatoka wapi? Maswali hayo ni rahisi kutunga na rahisi kusahihisha, ndiyo maana yamejaa kwenye chemsha bongo za redio na mitihani ya usaili wa kazi. Lakini mtu akiyapata yote, kuna mambo mawili mazito ambayo hakuna aliyemuuliza: nani ana mamlaka ya kufanya nini, na jambo lenyewe lina ukubwa gani. Mimi naamini hayo mawili ndiyo ujuzi wenyewe.

Turudi Hague. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, maarufu kama ICJ, ni chombo cha Umoja wa Mataifa, kilichoanzishwa kwa Mkataba wa umoja huo mwaka 1945. Ina majaji 15 wanaochaguliwa kwa kipindi cha miaka tisa, na inakaa katika Kasri la Amani. Hapo hushtakiana nchi na nchi tu. Hakuna mtu anayesimama kizimbani, na hakuna anayefungwa jela. Kwa hiyo shauri lilipofunguliwa tarehe 29 Desemba 2023, mlalamikaji alikuwa Jamhuri ya Afrika Kusini na mlalamikiwa alikuwa dola ya Israel, na msingi wa shauri ulikuwa Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari wa mwaka 1948, ambao nchi zote mbili zimeuridhia. Tarehe 26 Januari 2024 mahakama ilitoa amri za muda, na watu wengi wakazipokea kama hukumu. Amri ya muda haijibu kama mauaji ya kimbari yametendeka. Inasema tu kwamba kuna haki ambazo zinaweza kuharibika kabisa wakati shauri likisubiriwa, hivyo zilindwe kwanza. Hukumu yenyewe huchukua miaka.

Mahakama ya pili ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yaani ICC. Hii haiko chini ya Umoja wa Mataifa. Ilizaliwa na Mkataba wa Roma uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002. Ina majaji 18 na nchi wanachama zaidi ya 120, lakini Marekani, Urusi, China, India na Israel hazimo. Rwanda nayo haimo. Burundi ilikuwemo ikajitoa mwaka 2017, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. ICC inashtaki watu, kwa majina yao, kwa makosa manne: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uchokozi wa dola dhidi ya dola nyingine. Ndiyo iliyotoa hati dhidi ya Netanyahu tarehe 21 Novemba 2024. Mtu makini atauliza: kama Israel si mwanachama, mamlaka hayo yametoka wapi? Yametoka kwa Palestina, iliyojiunga mwaka 2015, kwa kuwa mahakama inaangalia pia mahali kosa linapodaiwa kutendeka, si uraia wa mtuhumiwa peke yake.

Basi ni kesi mbili, mahakama mbili, mji mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tulistahili kuifahamu tofauti hii kuliko watu wengi, maana imetupitia mlangoni. Desemba 2010 Mwendesha Mashtaka wa ICC, Luis Moreno Ocampo, aliwataja Wakenya sita kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Kesi ya Uhuru Kenyatta ilikwama Desemba 2014 upande wa mashtaka ulipoyaondoa mashtaka, na ya William Ruto na Joshua Sang ikafutwa Aprili 2016. Hao walikuwa watu. Katikati ya miaka hiyohiyo, Agosti 2014, Somalia iliipeleka Kenya ICJ kuhusu mpaka wa baharini, shauri lililoamuliwa Oktoba 2021 kwa uamuzi ambao Kenya iliukataa. Hiyo ilikuwa nchi. Kwa hiyo kuna wakati Kenya ilikuwa na shughuli Hague mara mbili kwa pamoja, na habari zote zilikuja na jina lilelile la mji.

Kongo nayo inaweza kuandikiwa darasa zima. ICC ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012, mtu wa kwanza kabisa kuhukumiwa na mahakama hiyo, na akapewa miaka 14 kwa kuwaingiza watoto jeshini. Bosco Ntaganda alipewa miaka 30 mwaka 2019. Kwenye ile mahakama nyingine, Kongo iliishtaki Uganda mwaka 1999 kwa kuivamia, ikashinda mwaka 2005, na mwaka 2022 Uganda ikaamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325 za Marekani. Lubanga alikwenda jela, Uganda ilipewa bili. Ukiweza kueleza kwa nini haikuwa kinyume chake, umeshafaulu swali kubwa kuliko orodha nzima ya miji mikuu.

Na anayedhani tatizo hili ni la Hague pekee ajiulize kuhusu Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapo hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na ndiyo iliyomtia hatiani Jean-Paul Akayesu mwaka 1998, mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ni ya Umoja wa Afrika, iko hapo. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo ni ya Jumuiya, iko hapo pia. Habari ikisema "mahakama ya Arusha imeamua", hujaambiwa lolote mpaka ujue ni ipi kati yao.

Sasa swali linalofuata, ambalo ndilo watu huliuliza kwa uchungu: mahakama hizi zikiamua, nani anatekeleza? ICC haina polisi. Inategemea nchi wanachama kumkamata mtu akikanyaga kwao. Tarehe 17 Machi 2023 ilitoa hati dhidi ya Vladimir Putin, na Agosti mwaka huo hakwenda Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, kundi la nchi kama Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, maana Afrika Kusini ni mwanachama. Septemba 2024 alikwenda Mongolia, ambayo pia ni mwanachama, akapokewa kwa gwaride na kurudi nyumbani. Hati moja, nchi mbili, matokeo mawili tofauti. Kwa ICJ njia ni nyingine: nchi iliyoshinda ikiona mwenzake hatii, inaweza kulipeleka jambo kwenye Baraza la Usalama. Na hapo tunakutana na kura ya turufu.

Kura ya turufu ni jambo ambalo kila mtu amelisikia. Hebu jaribu kulijibu kwa tukio halisi. Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Baraza la Usalama lilipigia kura azimio la kuulaani uvamizi huo. Wajumbe 11 waliunga mkono, mmoja alipinga, watatu walijizuia. Azimio lilipita?

Halikupita. Baraza lina wajumbe 15, na azimio zito linahitaji kura tisa za ndiyo bila kura ya hapana kutoka kwa yeyote kati ya wajumbe watano wa kudumu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Aliyepinga alikuwa Urusi. China ilijizuia, na kujizuia kwa mjumbe wa kudumu hakuui azimio. Kwa hiyo kura 11 zilianguka mbele ya kura moja. Jambo likahamishiwa Baraza Kuu, ambako hakuna turufu na kila nchi ina kura moja. Tarehe 2 Machi nchi 141 ziliunga mkono, tano zikapinga, 35 zikajizuia. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki iligawanyika: Kenya na Rwanda ziliunga mkono, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia. Azimio hilo lilipita kwa kishindo, lakini maazimio ya namna hiyo ya Baraza Kuu hayailazimishi nchi kisheria. Lenye nguvu halikupita, lililopita halina nguvu ya kulazimisha. Huo mvutano ukiuelewa, utaelewa nusu ya taarifa zote zinazotoka New York.

Hapa pana jambo la kisaikolojia linalofaa kutajwa. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kujipa alama kuhusu wanavyoelewa vitu vya kawaida kama zipu na kufuli. Wengi walijipa alama nzuri. Kisha wakaambiwa waandike, hatua kwa hatua, kitu hicho kinafanyaje kazi. Baada ya kujaribu, alama walizojipa wenyewe zilishuka. Walikuwa wamechanganya kukizoea kitu na kukielewa. Habari za dunia zina mtego uleule, tena mkubwa zaidi, maana zipu angalau iko mkononi. Baraza la Usalama tunalizoea kwa kulisikia tu.

Majina nisiyadharau kabisa. Bila majina hakuna mazungumzo. Ila yanachacha. Swaziland imekuwa Eswatini tangu 2018. Mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega tangu 2019, na bado utasikia watu wazima wakiapa kwa Bujumbura. Kazakhstan ililibadili jina la mji wake mkuu kutoka Astana kuwa Nur-Sultan mwaka 2019, ikalirudisha Astana mwaka 2022. Aliyesoma kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tatu alifundishwa sawasawa kwa wakati wake. Leo ziko nane, Kongo ikiwa imeingia 2022 na Somalia 2024. Kosa la jina lililopitwa na wakati linasahihishwa kwa dakika moja.

Kosa la ukubwa halisahihishwi kwa dakika moja, na ndilo linalonisumbua zaidi. Mtu aliyelifanyia kazi kubwa ni Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyefariki mwaka 2017. Kabla ya kujulikana duniani alikuwa mganga wa wilaya Nacala, Msumbiji, na aliutafiti konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha, ugonjwa ambao uliwahi kuzuka Tarime pia. Pamoja na mwanawe Ola na mkwewe Anna Rosling Rönnlund alianzisha taasisi ya Gapminder mwaka 2005. Mwaka 2017 taasisi hiyo iliwauliza watu wapatao 12,000 katika nchi 14 tajiri maswali kuhusu hali ya dunia, kila swali likiwa na majibu matatu ya kuchagua.

Katika miaka 20 iliyopita, sehemu ya watu duniani wanaoishi katika umaskini uliokithiri imekaribia kuongezeka maradufu, imebaki vilevile, au imekaribia kupungua kwa nusu? Ni watoto wangapi wa mwaka mmoja duniani waliopata chanjo walau ya ugonjwa mmoja: asilimia 20, 50 au 80? Majibu ni kupungua kwa nusu, na asilimia 80. Kwenye swali la umaskini, chini ya mtu mmoja kati ya kumi ndiye aliyepata. Kwa maswali 12 ya kwanza, wastani ulikuwa majibu mawili sahihi. Rosling alipenda kukumbusha kwamba sokwe akichagua ndizi zenye herufi bila kuelewa chochote angepata manne.

Hebu lifikirie hilo vizuri. Asiyejua kabisa na akabahatisha hupata theluthi moja. Anayepata chini ya hapo anacho kitu kichwani, na hicho kitu kinampotosha. Watu hao walikuwa wamesoma, wana magazeti, wana intaneti. Kilichowaangusha ni umbo la habari zenyewe. Habari ni tukio, na tukio lina tarehe. Mtoto aliyechanjwa leo hana tarehe kwenye gazeti. Ugonjwa ukilipuka, unayo. Mambo mazuri makubwa huja polepole, mabaya huja kwa kishindo, na mwandishi wa habari hulipwa kwa kishindo.

Chukua Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970, nchi hiyo ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, kiliua watu wasiopungua 300,000. Kimbunga Amphan cha Mei 2020 kilikuwa na nguvu kubwa pia, na Bangladesh walikufa watu makumi kadhaa, baada ya zaidi ya milioni mbili kuhamishwa kwenda kwenye majengo ya kujihifadhi. Kati ya miaka hiyo miwili kuna nusu karne ya kujenga majengo hayo, ya wahudumu wa kujitolea kupita vijijini na vipaza sauti, na ya utabiri wa hali ya hewa kuboreka. Hakuna siku hata moja katika miaka hiyo ambayo ingestahili kuwa habari ya kwanza. Ukiyajua matukio yote mawili kwa majina na tarehe bila kujua kilichotokea katikati, hujui habari ya Bangladesh.

Hata hivyo lazima nimpinge kidogo anayesoma takwimu hizi na kuanza kushangilia. Wastani wa dunia si wastani wa mtaa wako. Ni kweli sehemu kubwa ya wanadamu sasa wana umeme, lakini Afrika kusini mwa Sahara watu wapatao milioni 600 hawana. Umaskini uliokithiri umepungua sana duniani hasa kwa sababu ya China na Asia. Kwetu idadi ya maskini imeongezeka tangu 1990, kwa kuwa idadi ya watu imekua haraka kuliko umaskini ulivyopungua. Halafu kipimo chenyewe husogezwa. Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha mstari wa umaskini kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku, na kwa hesabu hiyo mpya watu zaidi ya milioni 100 waliongezeka kwenye orodha bila hata mmoja wao kupoteza shilingi. Anayeulizwa "maskini wameongezeka?" lazima kwanza aulize: wapi, tangu lini, kwa mstari upi? Mtahini anayekataa maswali hayo matatu ndiye aliyefeli.

Basi, jinsi ya kujipima. Kabla ya kutafuta jibu kwenye simu, liandike, na kando yake uandike una uhakika kiasi gani, kwa asilimia. Ukishakusanya majibu mengi ya namna hiyo, yatenge yale uliyoyapa asilimia 90. Katika kila kumi, tisa yanapaswa kuwa sahihi. Yakiwa sita, tatizo lako kubwa limejionyesha: unajiamini kuliko unavyojua, na hilo ni hatari zaidi kwa anayesambaza taarifa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuliko kutojua. Kisha chukua habari moja iliyokuvuta wiki hii na uieleze kwa sauti kwa mtu asiyeifuatilia, kijana wa kidato cha pili kwa mfano. Atakuuliza "kwa nini?" mara mbili tu, na utafahamu ujuzi wako unaishia wapi.

Nimalizie kwa swali ninalolipenda kuliko yote, la mashariki ya Kongo. Mwaka 2024, askari wa Tanzania aliyekuwa Kivu Kaskazini alikuwa anapokea amri kutoka kwa nani?

Majibu yalikuwa mawili yaliyo sahihi kwa wakati mmoja. Ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, Tanzania ilikuwa na wanajeshi tangu brigedi ya kuingilia kati ilipoundwa mwaka 2013 kwa azimio namba 2098, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Hao walivaa kofia za bluu na waliwajibika New York. Desemba 2023 SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilipeleka kikosi chake, SAMIDRC, kutoka nchi hizohizo tatu, na hicho kiliwajibika kwa SADC. Kabla yake kulikuwa na kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini, kilichoingia Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023 Kinshasa ilipokataa kukiongezea muda. Kongo ni mwanachama wa jumuiya zote mbili, ndiyo maana iliweza kuagana na moja na kuikaribisha nyingine. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, taarifa nyingi zilisema tu "walinda amani wameuawa". Baadhi walikuwa wa Umoja wa Mataifa, baadhi wa SADC. Machi mwaka huo SADC iliamua kuwaondoa wake. Wa MONUSCO wakabaki. Familia zilizokuwa zikisubiri simu Dar es Salaam, Blantyre na Bloemfontein zilihitaji kujua ni kikosi kipi, na msomaji aliyetaka kuielewa siku hiyo alihitaji kujua hilohilo.